Begi Dogo la Keria ya Mbele Likisumbua: Soma Dalili Kabla ya Kulibadili

Begi la keria ya mbele hukaa mahali penye msongamano kuliko pengine popote kwenye baiskeli: juu ya gurudumu linalopinda, chini ya usukani, karibu na taa, katikati ya nyaya za breki na za gia. Ndiyo maana begi lililoonekana zuri dukani huweza kuanza vituko siku ya kwanza barabarani. Anayechagua begi huuliza kwanza linabeba lita ngapi. Swali hilo lingoje. Kwanza pima nafasi iliyopo kati ya uso wa keria na usukani, kisha uliza begi litazuiwaje lisiyumbe. Dalili nyingi zilizo hapa chini chanzo chake ni mojawapo ya hayo mawili, na hakuna idadi ya lita inayoyatibu.

Kama begi unalo tayari, nenda moja kwa moja kwenye dalili inayokusumbua. Kama bado hujanunua, soma zote, maana kila dalili ni kosa la kuepuka wakati wa kuchagua.

Usukani unatikisika au unavuta upande

Hapa kuna magonjwa mawili yanayochanganywa. La kwanza hutokea ukiwa mwendo wa pole: usukani unakuwa mzito, na ukikata kona unataka kuangukia ndani ya kona yenyewe. La pili hutokea kwenye kasi, mara nyingi kwenye mteremko au ukiachia mkono mmoja: usukani unaanza kutetemeka haraka haraka, kushoto kulia, na mtetemo unazidi badala ya kupungua.

Anza na la pili kwa sababu ndilo la hatari. Vua begi, rudi barabara ileile kwa kasi ileile. Mtetemo ukibaki, begi halihusiki. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku vidole vyako vimegusa pale foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, inapoingia kwenye bomba la shingo, lile bomba fupi la mbele la fremu. Ukihisi kitu kinagonga au kucheza, gololi za shingo zimelegea, na hizo ndizo za kukazwa kwanza. Baada ya hapo bana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Zikiwa nyingine zimekaza na nyingine zinalegalega, gurudumu linahitaji fundi.

Mtetemo ukitoweka begi lilipovuliwa, lirudishe, simamisha baiskeli, shika begi kwa juu na ulisukume kushoto na kulia. Angalia kwa makini ni nini kinachosogea. Keria ikisogea pamoja na begi, bolti za keria zimelegea au vyuma vyake ni vyembamba mno kwa mzigo huo. Keria ikitulia na begi likacheza juu yake, umempata mwizi. Begi refu lililofungwa chini tu huchelewa kufuata usukani unapopinda, kisha hufika kwa kishindo kidogo na kuusukuma kupita pale ulipotaka. Usukani unarudishwa, begi linachelewa tena, na mchezo unaendelea hivyo.

Dawa ni kulishika begi sehemu mbili, chini na juu. Keria nyingi za mbele zina egemeo, yaani upinde wa chuma unaosimama upande wa mpanda baiskeli. Tafuta begi lenye mfuko wa kitambaa mgongoni ambamo egemeo hilo linaingia. Waendeshaji wa masafa marefu wa Ufaransa waliongeza kipande cha chuma kinachoitwa décaleur, kinachofungwa kwenye shingo ya usukani na kupokea mgongo wa begi kwa juu. Ni kitu kizuri, ila si lazima. Mkanda mmoja ulio imara kutoka pembe ya juu ya begi hadi kwenye usukani hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Lakini angalia jambo moja kabla hujafunga mkanda huo. Keria nyingi hushikiliwa na foku, kwa hiyo hupinda pamoja na usukani. Nyingine, na pia vishikio vya mizigo kama kile cha baiskeli za Brompton, hufungwa kwenye fremu na hazipindi kabisa. Ukifunga begi la keria ya fremu kwenye usukani, umejifungia usukani wenyewe. Kwenye keria ya aina hiyo, mikanda yote iishie kwenye keria.

Sasa ule ugonjwa wa mwendo wa pole. Huu unatokana na umbo la baiskeli. Chora kwa mawazo mstari unaopita katikati ya bomba la shingo hadi chini. Unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili kwenye baiskeli nyingi za barabarani huwa kama milimita 55 hadi 60, kwenye za milimani unaweza kupita 80, na kwenye zile za Kifaransa zilizobuniwa kubeba mzigo mbele hushuka hadi kati ya 30 na 40. Umbali ukiwa mkubwa, gurudumu lenye mzigo juu yake hupenda kuanguka upande mara usukani unapopinda. Huwezi kubadili umbo la baiskeli yako kwa kununua begi, ila unaweza kuchagua begi linaloendana nalo. Kwenye baiskeli ya milimani chagua begi fupi, jepesi, linalokaa karibu kabisa na bomba la shingo, na vitu vizito vipeleke keria ya nyuma.

Upangaji nao una neno lake. Kufuli la chuma, betri ya akiba na spana vikae chini kabisa na upande wa kwako. Koti la mvua na mkate vikae mbele na juu. Kufuli likitupwa kwenye mfuko wa mbele wa begi, umeweka nyundo kwenye ncha ya mpini, na ni kosa ninaloliona kwenye baiskeli nyingi kuliko lingine lolote.

Mtetemo ukikukuta mteremkoni, usiung'ang'anie usukani. Bana bomba la juu la fremu kwa magoti, inua makalio kidogo kutoka kwenye siti, punguza kasi taratibu.

Begi linagusa tairi

Simama. Hili si la kusema nitalitazama nikifika. Kitambaa kikinaswa na tairi la mbele, gurudumu huweza kufunga ghafla na wewe ukapitiliza juu ya usukani.

Sababu ya kawaida ni sakafu laini. Uso wa keria ndogo ya mbele mara nyingi una upana wa sentimita 10 hadi 15 tu, na begi linalokaa juu yake linaweza kuwa na upana wa 25 au zaidi. Kuning'inia pembeni hakuna ubaya ikiwa sakafu ni ngumu. Ikiwa ni kitambaa kitupu, pembe hulegea kwa uzito, na sehemu iliyotangulia mbele ya keria huinama moja kwa moja kuelekea tairi.

Kata ubao mwembamba wa plaiwudi wa milimita 3, au plastiki ngumu yenye mawimbi ndani, uwe mdogo kidogo kuliko sakafu ya begi. Zungusha pembe zake kwa msasa ili zisitoboe kitambaa, kisha uuweke ndani. Begi lile lile litaonekana jipya. Kwa anayenunua: bonyeza sakafu ya begi kwa ngumi ukiwa dukani. Ikikunjika, ujue ubao utauongeza mwenyewe, na uzito wake uuhesabu.

Sababu ya pili ni ncha za mikanda. Mkanda mrefu unaopeperuka huishia kwenye spoki. Ukate, uunguze ncha kwa kiberiti isifumuke, au uukunje na kuubana kwa mpira wa tyubu kuukuu. Madigadi ya mbele nayo husaidia, maana hata begi likishuka linagusa madigadi kwanza na unasikia kabla ya balaa.

Wenye foku za springi wana hesabu nyingine. Keria ikifungwa kwenye miguu ya chini ya foku, keria na begi hupanda kuelekea usukani kila foku inapobonyea. Foku yenye mwendo wa milimita 100 inaweza kula sentimita 10 nzima za nafasi uliyodhani unayo. Na mzigo uliofungwa kwenye usukani hufanya kinyume: tairi ndilo linalopanda kuufuata. Kwa hiyo pima foku ikiwa imebonyea, si ikiwa imesimama wima.

Breki nzito, gia zinarukaruka, nyaya zimebanwa

Ukiona breki imekuwa nzito au gia zinakataa kuingia tangu begi lifungwe, usikimbilie kurekebisha gia. Jaza begi kama unavyolijaza siku zote, kisha zungusha usukani hadi mwisho kulia, halafu hadi mwisho kushoto, ukiangalia kila waya. Waya wa breki na wa gia lazima upinde kwa duara pana. Ukikunjwa kwa pembe kali dhidi ya begi, ndani yake unakwama. Paipu ya breki za mafuta haiathiriki kwa namna hiyo, ila ikisuguana na begi kila siku hatimaye huchubuka.

Breki za zamani zenye waya wa kukatiza juu ya tairi zina mtego wa peke yake. Begi au ubao wake unaweza kuulalia waya huo, na breki ikabaki imeshika kidogo muda wote. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono begi likiwa limejaa. Likisimama upesi kuliko begi linapokuwa tupu, jibu umelipata.

Kwenye usukani wa mbio uliopinda chini, upana wa begi ndio unaobana. Ukishika breki, vidole vyako vinahitaji kupita bila kukwaruza begi. Vibadilisha gia vya miaka ya nyuma ambavyo waya wake hutokea pembeni na kukatiza mbele ya usukani ndivyo vinavyogombana zaidi na begi refu. Pima kati ya breki na breki kwa ndani, toa upana wa vidole vyako kila upande, na kinachobaki ndicho kikomo chako.

Kimo ni habari nyingine, hasa kwa watu wafupi wanaopanda fremu ndogo. Pima kutoka uso wa keria hadi chini ya usukani, kisha utoe sentimita 2 au 3 ili kifuniko kifunguke na mkono uingie. Wengi hujikuta wamebakiwa na sentimita 15, wengine 12. Hapo begi la kimo cha sentimita 20 halifai, hata lipendeze vipi. Chagua pana na fupi badala ya refu na jembamba, au kikapu kifupi cha waya chenye begi laini ndani yake.

Kelele

Ng'ong'ong'o ya chuma kwa chuma ni bolti. Keria nyingi hufungwa kwa bolti za M5, ambazo hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 4 hadi 6 hivi. Zikikazwa kupita kiasi nyuzi za foku huharibika, na hilo ni ghali kuliko kelele. Tone la gundi ya kukazia bolti huzizuia zisijifungue. Zikague tena baada ya safari za mwanzo, kwa sababu keria mpya hujikalisha.

Kelele ya mkwaruzo ni begi juu ya keria. Kipande cha tyubu kuukuu kati yao kinatosha. Kelele kutoka ndani ya begi ni funguo zako.

Neno kwa wenye foku ya kaboni: usiibane kwa vibano vya keria isipokuwa mtengenezaji wa foku ameruhusu. Kibano huweza kuponda nyuzi za kaboni pasipoonekana, na foku haitoi onyo kabla ya kuvunjika.

Maji yanaingia

Usibahatishe yanakopitia. Weka magazeti makavu ndani, pande zote na chini, funga begi kwenye keria, limwagie maji kwa mbele na juu kwa dakika chache. Fungua uone gazeti lipi limelowa.

Likilowa la juu, ni zipu au kifuniko kifupi. Zipu ya kawaida haizuii maji hata ikipakwa nta. Inahitaji pindo la kitambaa juu yake. Likilowa la pembeni kwa mistari, ni matundu ya sindano kwenye mishono: kitambaa kinazuia maji, uzi hauzuii. Kuna gundi ya mishono inayopakwa kwa ndani. Jaribio hili halitakuonyesha njia ya tatu, ambayo ndiyo husahauliwa: maji yanayorushwa na tairi kutoka chini, yakapenya kati ya vyuma vya keria na kuipiga sakafu ya begi safari nzima. Begi ghali lisilo na madigadi chini yake litalowa sakafu kabla ya begi rahisi lenye madigadi.

Mabegi ya plastiki yaliyounganishwa kwa joto, yenye mdomo wa kukunja, hayaingizi maji kweli, mradi mdomo ukunjwe mara tatu au zaidi. Mikunjo hiyo hula kimo, kile kile ulichokwisha kukipima kwa taabu, na kila ukitaka simu lazima ufungue yote. Mimi hupendelea turubai iliyopakwa nta, pamoja na mfuko mdogo wa plastiki wa simu na karatasi ndani yake. Turubai hulowa pole pole na hukauka yenyewe. Begi la plastiki likishaingiwa na koti bichi, unyevu unabaki humo hadi ulifungue ulianike.

Kifuniko kinafunuka, au kinakukinga usione ndani

Angalia bawaba ya kifuniko iko upande gani. Ikiwa upande wa kwako, ukingo ulio huru unatazama mbele, upepo unaingia chini yake na kuuinua, na ukifungua, kifuniko kinasimama kati yako na vitu vyako. Ikiwa mbele, upepo wenyewe unakifunga, na mkono unaingia moja kwa moja. Ni kitu kidogo ambacho matangazo ya mabegi hayakitaji, na kwangu kina uzito kuliko idadi ya mifuko ya pembeni.

Vifungo vya plastiki vya kubofya hufunguka kwa mkono mmoja. Mikanda ya ngozi yenye tundu na msumari hudumu zaidi lakini hukulazimisha usimame. Velkro hufanya kazi hadi iingiwe na vumbi.

Taa imezibwa

Taa iliyo kwenye usukani nyuma ya begi huangaza begi. Ihamishie kwenye ncha ya mbele ya keria au kwenye kichwa cha foku. Hakikisha begi likijaa halibinuki mbele na kuifunika tena.

Ukiegesha, gurudumu linageuka na baiskeli inaanguka

Hilo ni jambo la mzigo wowote wa mbele unaopinda na usukani. Mpira uliokaza kuzunguka mkono wa breki ya mbele huzuia gurudumu lisibingirike, na mara nyingi hiyo inatosha ukiegemeza ukutani. Springi ndogo inayounganisha foku na bomba la chini la fremu hurudisha usukani katikati. Stendi ya miguu miwili inasaidia zaidi kuliko ya mguu mmoja.

Begi linachakaa haraka

Geuza uone chini. Tundu likiwa mahali pamoja, limelingana na kichwa cha bolti au ncha kali ya keria. Zifunike kwa tyubu au uweke bolti zilizo bapa kichwani. Kitambaa kikichakaa chote kwa usawa, begi linatembea juu ya keria, na hapo urudi kwenye mikanda.

Lini kubadili begi kweli

Badili pale kipimo kinapokataa: kimo hakitoshi, upana unagusa vidole, au hakuna sehemu ya juu ya kulishika begi na mshonaji hawezi kuiongeza. Badili pia pale uzito unapopita uwezo wa keria. Uwezo huo uko kwenye keria yenyewe au kwenye karatasi yake. Kiwango cha kimataifa cha keria za baiskeli ni ISO 11243, na keria iliyotengenezwa kwa kukifuata huandikwa mzigo wake wa juu. Hesabu begi tupu, ubao, na vilivyomo. Begi la turubai na ngozi linaweza kukaribia kilo moja kabla hujaweka kitu, na lita moja ya maji ni kilo nyingine. Kwa keria ndogo, begi la lita 5 hadi 8 linatosha koti, chakula, vifaa vya pancha na simu. Likiwa kubwa zaidi, utalijaza tu kwa sababu lina nafasi.

Kabla ya kununua, tengeneza begi la katoni. Chukua vipimo vya begi unalolitamani, kata katoni, ibandike kwa tepu iwe kisanduku cha ukubwa uleule, kifunge juu ya keria. Zungusha usukani pande zote, kamata breki, badili gia, simama kwenye pedeli na ukanyage kama unayepanda mlima. Tia ndani vitabu vichache vyenye uzito unaotarajia kubeba, uzunguke mtaa kwa mwendo wa pole. Katoni ikikunjwa na waya au kukwaruzwa na magoti, alama itabaki palepale, na utajua ni sentimita ngapi za kupunguza.